Wembe Usiopona

Shemeji yangu Feliksi ni mtu wa kuudhi. Naanza na hilo nisije nikaonekana namsifu kwa sababu ni mume wa dada yangu. Ukimpelekea kisu anakigeuza, anakinusa, anakuuliza ulikuwa unakatia nini. Ukimjibu samaki, migebuka, anakwambia mgebuka hauharibu kisu namna hii, labda ulikuwa unakatia mawe. Halafu anakiweka chini na kumaliza chai yake. Mimi, Leonia, nauza samaki Katonga mwaka wa ishirini na sita huu, na sikumbuki siku niliyotoka kwenye kibanda chake bila kusimangwa kidogo. Lakini kisu alichonoa Feliksi hakisukumwi, kinakwenda chenyewe, ndiyo maana nilikuwa narudi.

Kibanda chake kiko Ujiji, nyuma ya soko. Kina benchi, beseni la maji lenye vinoo vinne, na ukanda wa ngozi unaoning'inia msumarini. Mashine ya umeme hataki hata kuisikia. Anasema chuma kikipata moto kinalegea, leo kinakata na kesho ni butu. Vinyozi wachache waliobaki wanaotumia wembe wa kukunja, kama Yassir wa karibu na msikiti, walikuwa hawaendi kwa fundi mwingine.

Sasa niseme habari ya wembe wa nyumba yao. Babu yake Feliksi alikuwa kinyozi pale Kigoma, enzi zile Wabelgiji wana sehemu yao bandarini. Mteja mmoja alimwachia wembe, akapanda meli, hakurudi. Ni wembe wa kukunja, chuma cha Ujerumani, mpini wa pembe, mpana kama kidole gumba cha mwanamume. Babu alipofiwa na mkewe aliwanyoa watoto wake kwa wembe huo, na tangu hapo ikawa desturi ya ukoo. Mtu akifa, walio ndani ya nyumba hawagusi nywele wala ndevu mpaka siku ya kuondoa msiba, na siku hiyo wananyolewa kwa wembe huo, si mwingine.

Lipo na jambo la pili, nalo sikulipenda tangu dada yangu Devota aolewe huko. Mwanamume mwenye msiba halii kabla ya wembe. Wanawake wanalia tangu habari inapofika. Yeye anapokea watu, anazika, anakaa kimya, na machozi yake yanasubiri. Akishanyolewa ndipo analia mpaka aishiwe, wala hakuna wa kumnyamazisha. Mama yao alipofariki, Feliksi alilia kwenye mkeka tangu saa tatu asubuhi hadi jioni, tukamsikia mpaka barabarani. Siku nyingine nilimtania kwamba kwao wanaweka machozi akiba. Akanijibu kwamba sisi wa Katonga tunayamwaga kama maji ya kuoshea samaki.

Feliksi na Devota walijaliwa mtoto mmoja tu, Bariki. Alikuwa fundi wa injini za boti, kijana mwenye kelele, anayeingia nyumbani na kufunua sufuria kabla ya kusalimia. Mwaka ule ziwa lilipopanda likameza vibanda vyetu, alitoka Kagunga na boti ya mizigo, wakiwa watu kumi na mmoja. Boti ilipinduka kabla hawajafika Kigoma. Tisa walipatikana, wengine wazima na wengine maiti. Bariki na mwenzake mmoja hawajapatikana mpaka leo.

Habari ilifika Katonga kwanza, kwa hiyo niliipeleka mimi. Nilifika Ujiji na kiatu kimoja. Feliksi alikuwa uani anaupaka ule wembe mafuta, kama afanyavyo kila mwanzo wa mwezi. Nilimwambia moja kwa moja kwa sababu sikujua namna nyingine. Wembe ulimponyoka ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Dada yangu alipiga yowe ndani. Feliksi alipiga magoti akaanza kuokota vipande vya mpini, kimoja kimoja, na mimi nikamchukia pale pale kwa kuokota vipande.

Tulikaa ufukweni siku kumi na mbili. Kisha ikasomwa misa, picha ya Bariki ikiwa mezani na ua la plastiki. Baada ya miezi mitatu kaka yake Feliksi, Mzee Jeremia, ambaye ndiye anayeshika desturi za ukoo, akasema inatosha, ipangwe Jumamosi ya kunyoa. Ila wembe ulikuwa na pengo la ukubwa wa punje ya mchele kwenye makali, mpini umepasuka, na ule msumari mdogo wa shaba unaoshika mpini na chuma umepotea. Feliksi akasema apewe wiki mbili.

Nilikwenda kumwona akifanya kazi ile, na kwa mara ya kwanza hakunisimanga. Alichemsha pembe ya ng'ombe mpaka ikalainika, akachonga mpini mpya. Alikata waya wa shaba akaupiga vichwa pande zote mbili kwa nyundo ndogo, taratibu, asije akapasua pembe. Kutu aliitoa kwa majivu na mafuta. Kisha akaanza na pengo.

"Utalijaza na nini?" nikamuuliza.

"Pengo halijazwi, shemeji. Unashusha makali yote, huku na huku, mpaka yalingane na lilipofika pengo. Likiisha, limeisha."

Aliulaza wembe bapa juu ya kinoo, akausukuma mbele, akaugeuza kwa mgongo, akaurudisha, akauloweka, akasukuma tena. Siku tisa. Alipomaliza aliupitisha kwenye ukanda wa ngozi, kisha akanyoa vinyweleo vya mkono wake, vikaanguka bila hata kuguswa vizuri. Mwishowe aliulaza ndani ya kifuniko cha kasha lake la mbao, akachora mstari wa penseli kufuata makali. Nikamuuliza wa nini. Akasema fundi akipunguza chuma cha watu lazima ajue amepunguza kiasi gani.

Jumamosi ilipofika, dada yangu aliketi kwenye mkeka akafungua kitambaa cha kichwa. Nywele zilikuwa zimeota ovyo, nusu nyeupe, na kabla ya hapo hakuwa na mvi. Beseni la maji ya uvuguvugu lilikuwa tayari. Feliksi akaleta kasha kutoka sandukuni, akalifungua, akaufunua wembe kwenye kitambaa chake, akauinua kwenye mwanga, mkono ukasimama. Palikuwa na pengo jipya, dogo kuliko kichwa cha pini. Kwa kisu changu pengo kama hilo si kitu, lakini wembe wenye pengo unachana ngozi ya kichwa, haunyoi.

"Kutu ya ndani," alisema Feliksi. "Chuma kimeoza chini kwa chini, makali yanameguka."

Watu wakala wakatawanyika. Dada yangu alinishika mkono akalia. "Nimechoka na nywele hizi, mdogo wangu. Kichwa kinaniwasha, na kila anayeniangalia anaona msiba. Nataka ziishe." Nilimwamini kabisa, na leo bado nafikiri alikuwa anasema kweli.

Ikawa hivyo miaka minne. Mzee Jeremia anapanga siku, Feliksi ananoa, siku inafika, wembe una pengo. Pasaka, baada ya mavuno ya mahindi, kabla ya Krismasi. Mara ya tatu nikasema dukani kumejaa nyembe, tununue mmoja tumnyoe dada yangu yaishe. Mzee Jeremia akaniangalia kama nimetukana wazazi wake, na dada yangu ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba Bariki ana haki ya wembe wa babu zake.

Ndevu za Feliksi zikafika kifuani. Pale sokoni wakamwita mganga wa kisu. Na kitu fulani kikaanza kumtoka. Alikuwa akikaa na kisu cha mteja asikiamini, anakijaribu mara tano. Aliniuliza siku moja kama naona mkono wake unatetemeka. Nilimwambia mdomo wake ndio unatetemeka, akacheka kidogo. Nilijua ameumia lakini sikuuliza.

Mwaka jana, Alhamisi moja, nilimkuta ameumaliza tena. Nikanyoosha mkono, nikamwambia anijaribie. Alininyoa kipande kidogo juu ya kifundo cha mkono, laini kabisa. Nikauchukua wembe nikautazama kwenye jua kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi si fundi, lakini nimeshika visu maisha yangu yote. Chuma kile kilikuwa kizima.

Jumamosi yake kasha likafunguliwa mbele ya watu. Pengo.

Hasira ilinipanda nikashindwa kuizuia. Nilisimama katikati ya wageni, nikasema juzi niliushika wembe huu kwa mkono wangu na ulikuwa mzima. Nikasema wembe umelala ndani ya kitambaa siku mbili, na chuma hakitafunwi na kitambaa. "Ni wewe, shemeji. Unaunoa mchana watu wakuone, halafu unauharibu mwenyewe. Hutaki kukubali kwamba Bariki amekufa, na dada yangu ndiye anayekaa na nywele za msiba miaka minne kwa ajili yako."

Feliksi hakuniangalia. Aliuangalia wembe kwa muda mrefu, kisha akainua macho kuelekea mlango wa jiko, alipokuwa amesimama dada yangu na beseni la maji. Wakatazamana. Halafu akaufunga wembe.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Mzee Jeremia alitema mate nje ya mkeka akaondoka bila kula. Habari haikuchukua siku mbili kuzunguka Ujiji: fundi anaharibu kazi yake kwa makusudi. Yassir akahamishia nyembe zake kwa fundi mwingine, Mwanga. Wauza samaki wenzangu wakamcheka, na mimi, niseme ukweli, niliwaacha wacheke. Nilimkumbatia dada yangu jioni ile nikamwambia pole kwa mume uliyempata. Akaendelea kukunja mikeka.

Mwezi wa pili mwaka huu paa la nyumba yangu liling'olewa na upepo, nikahamia kwa dada yangu wakati mafundi wanaezeka upya. Feliksi alikuwa ameunoa tena wembe, kama alivyofanya mara kadhaa tangu Jumamosi ile. Hakuna aliyemwagiza na hakuna siku iliyopangwa, aliunoa tu, akauleta nyumbani, akaupaka mafuta mbele yetu, akalirudisha kasha sandukuni. Nilimnunia, sikumsemesha.

Siku ya pili yake niliamka alfajiri, kengele ya misa ya kwanza ilikuwa haijalia. Nilisikia kifuniko cha sanduku. Nikachungulia ukumbini nikijua namfumania yeye. Kupitia mlango wa chumba chao uliokuwa wazi nikamwona Feliksi amelala chali, ndevu juu ya shuka. Dada yangu ndiye aliyepita na kasha, akaingia jikoni. Nikamfuata mpaka mlangoni. Alikuwa amechutama mbele ya mafiga. Alikunjua wembe, akaugusisha makali kwenye figa la pembeni mara moja, kidogo tu, kama mtu anayepasua yai. Akalipapasa pengo kwa kidole. Kisha akaufunga kwenye kitambaa chake vizuri, akaweka kuni, akabandika chai.

Nilirudi kitandani nikajifunika mpaka kichwani. Nilikuwa na dada huyu tangu nazaliwa, amenibeba mgongoni, na sikuwa nimeona kitu. Nilikumbuka kila neno nililomwambia Feliksi mbele za watu. Chai ile sikuinywa.

Saa mbili nilikuwa kibandani kwake. Sikubeba kisu, akajua.

"Umeona," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile uliponisema mbele za watu. Mimi nilikuwa nadhani ni chuma, kisha nikadhani ni mkono wangu. Ulivyosema chuma hakitafunwi na kitambaa, nikaona kweli. Na kama si mimi, nyumba ile ina watu wawili."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini mbele ya Jeremia? Kwamba mama wa mtoto hataki? Wazee wangemwita, wangemkalisha chini, wangemnyoa hata kwa wembe wa dukani." Alichota maji kwa kiganja akalowesha kinoo ambacho hakikuwa na kazi. "Yeye mwenyewe akiketi pale mkekani anataka, shemeji. Nimemwona. Anataka kweli. Ila alfajiri inamshinda."

"Na wewe? Hutaki?"

Alikigeuza kinoo upande wa pili, akakifuta kwa kiganja.

"Mimi Bariki wangu alikufa siku ile ile uliyokuja na kiatu kimoja," akasema. "Niko tayari tangu wiki ya kwanza. Miaka minne ninayo hapa." Akajigusa chini ya koo, kwenye ndevu. "Kuna siku napita bandarini nasikia injini ikikataa kuwaka, kijana anaitukana, nasimama nashika ukuta. Nataka kulia tu. Nikilia ni siku moja, nimemaliza."

"Basi lia hapa. Nani atakuona?"

Akatikisa kichwa. "Nikilia kabla ya wembe nimemzika peke yangu. Mama yake nitamwacha wapi?"

Nikamwomba radhi. Nilipiga magoti kwenye vumbi la chuma, mimi ambaye sijawahi kumpigia magoti mwanamume yeyote, akaniambia ninyanyuke nisije nikamchafulia beseni.

Jumapili iliyopita Mzee Jeremia alifika nyumbani baada ya misa. Hasira yake imepungua, amezeeka. "Mwakeye," akatusalimia kwa Kiha, akaketi, akaomba maji. Kisha akasema watu wanasema, ni mwaka wa tano unaingia, wembe ule ni vipi. Dada yangu alikuwa anamimina chai. Mkono wake ulisimama hewani. Feliksi alifungua mdomo, na mimi nikamwahi.

"Mzee, nilikosea mwaka jana," nikasema. "Nimeushika wembe juzi, nimeuangalia mwenyewe. Ni chuma. Kimeoza ndani. Shemeji hana kosa, tumpe muda."

Mzee Jeremia alinitazama, akamtazama ndugu yake. Akasema basi, kama ni chuma, ni chuma. Dada yangu alimaliza kumimina chai. Aliponipa kikombe vidole vyake vilibaki juu ya vyangu kidogo, na hakuniangalia usoni.

Nilipoaga, Feliksi alinisindikiza mpaka kibandani nichukue visu vyangu. Akalitoa kasha mfukoni mwa koti, akanifunulia kifuniko. Mistari ya penseli ilikuwa imepangana, mmoja chini ya mwingine. Nikaihesabu, ilikuwa kumi na miwili. Ile ya juu imeachana sana, ya chini imebanana karibu kugusana. Wembe uliokuwa mpana kama kidole gumba sasa ulikuwa mwembamba kama kidole changu kidogo.

"Mbona hii ya chini imebanana?" nikauliza.

"Zamani nilikuwa nanoa mpaka chini sana, nikitafuta chuma kizima. Sasa najua ni kizima. Natoa pengo tu."

"Wembe umebaki mdogo, shemeji. Siku moja utaisha."

"Nimepima. Kwa mwendo huu una miaka kumi na mitatu, kumi na minne."

Feliksi ana miaka sabini na mmoja. Nilifanya hesabu hiyo kichwani huku namwangalia, na yeye aliona naifanya.

"Na wewe utalia lini?" nikamuuliza.

Alifunga kasha akalirudisha mfukoni, akanichagulia visu vyangu kutoka kwenye rundo na kuvifunga kwenye gazeti, makali kwa ndani, nisijikate njiani.

"Nanoa kwa mkono mwepesi, shemeji," akasema. "Nisije nikaumaliza wembe, mama yake akiwa bado hajawa tayari."

Nikapokea visu vyangu. Kwetu Katonga hakuna desturi ya kusubiri, kwa hiyo nililia mimi, njia nzima mpaka stendi, nikilia kwa ajili ya Bariki na kwa ajili ya baba yake.